Leta Gari Nilione: Miaka Yangu ya Kuuza Bima Eastlands

Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu, nyinyi mliobaki pale ofisini Umoja, na mmoja wenu akaongeza kwa adabu kwamba nisiwe mkali sana. Siahidi kitu. Mtu aliyeuza bima ya magari Eastlands tangu akiwa msichana hadi akaitwa nyanya hawezi kuandika kama mshereheshaji wa harusi. Nitaandika vile ninavyozungumza. Atakayechoka aende akachemshe chai. Kopo la majani liko pale nililoliacha, nyuma ya printa.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Sikupata vingi, na nilivyopata viliniletea mikutano tu.

Nianze na swali ambalo mtaulizwa mpaka masikio yawaume: "Kwani ni lazima?" Nimeulizwa na madereva wa teksi, na walimu, na mchungaji mmoja aliyekuwa ametoka kutuhubiria kuhusu utii, hata na polisi aliyekuja na gari lake mwenyewe siku yake ya mapumziko. Jibu langu halijawahi kubadilika. Ndiyo, ni lazima. Gari lolote likiingia barabarani katika nchi hii, sheria inataka liwe na bima, angalau ile ya mtu wa tatu, yaani ile inayomlipa yule utakayemuumiza. Gari lako likiibwa au likiungua, sheria haina habari nawe. Ukitaka kulipwa kwa hayo, nunua bima kamili, na hiyo ni hiari yako. Ila ile ya mtu wa tatu si hiari. Ukishikwa bila hiyo unapelekwa kortini, na huko kuna faini na kuna jela.

Wengi wakisikia habari ya korti hudhani bima iliwekwa kwa ajili ya polisi. Kijana mmoja wa teksi aliwahi kuniambia, "Mathe, mimi sihitaji hiyo kitu. Karao akinisimamisha namtoa lunch, tunaachana tukiwa mabeshte." Nikamuuliza, "Na ukimgonga mtoto wa mtu, utamtoa lunch pia?" Akatoa pesa, akalipia mwezi mmoja. Mwezi uliofuata hakurudi. Sitajifanya nilimwokoa.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Okumu, mtu wa Siaya aliyekuwa amestaafu kutoka reli na kufungua ofisi ya uwakala Buruburu, chumba kimoja kati ya bucha na saluni. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya visigino na blauzi niliyoazima. Nilidhani nitapewa kiti. Mzee alinipa wembe.

"Nafula, unaona hiyo gari ya bluu? Kuna stika ya zamani kwa kioo. Itoe yote. Nisione hata gundi."

Wakati huo bima ilikuwa stika ya karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha mbele, si haya mambo yenu ya kutumiana kwenye simu. Nilikwangua jua likiniwakia kisogoni, nikajikata kidole, na damu ikaingia kwenye blauzi ya watu. Niliporudi nikamuuliza kwa nini mwenye gari asifanye kazi hiyo mwenyewe. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye njugu zake.

"Stika ya zamani ikibaki hapo kuna mtu itamdanganya," akasema. "Kama si polisi, ni mwenye gari mwenyewe."

Nilikuja kuelewa. Niliona stika zilizofutwa tarehe kwa mate, stika za gari lililouzwa zamani, na mara moja, wallahi, lebo ya chupa ya bia iliyokatwa mviringo kwa ustadi mkubwa. Mwenye gari alikuwa fundi wa viatu. Nilimwambia kazi yake ni safi ila ameibandika kichwa chini.

Somo la pili la Mzee lilikuwa pua. Hakuuza bima ya gari ambalo hajaliona. Mtu akija na karatasi zake na haraka zake, jibu lilikuwa moja: "Leta gari nilione." Likija, Mzee alifungua buti, akainama, akavuta hewa. Kuna mwalimu mmoja aliyeapa gari lake ni la kwendea shule na kanisa peke yake. Buti lilipofunguliwa, hata mimi niliyekuwa mlangoni niliipata ile harufu ya samaki.

"Mwalimu," Mzee akasema polepole, "hii omena unaifundisha darasa la ngapi?"

Tulicheka, mwalimu naye akacheka, kisha akaandikiwa bima ya biashara. Mzee alikuwa hana mzaha na jambo hilo. Alisema kampuni zinapenda kupokea kwa mkono wa kulia, lakini siku ya kulipa zinatafuta sababu kwa tochi. Kwa hivyo kazi ya wakala ni kuuliza kila kitu mapema, na kusikiliza jibu, na siku ikifika kusema alichosikia. Aliporudi kwao Siaya aliniachia tochi, mhuri wa mpira, na jina la ofisi. Wembe nilinunua wangu. Nikahamia Umoja, watu wakaanza kuniita Mama Stika, na kwa miaka mingi nikaishi kwa kuchungulia mabuti ya watu.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo najua mmesubiri, kwa sababu kila mtu pale ofisini analijua nusu, na nusu yenyewe si ya kweli. Sikumpiga mtu kofi kortini. Nilitaka tu.

Wanjala alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Kwao ni Bungoma, na kwetu pia, kwa hivyo tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani na kuitana ndugu na dada, ingawa hatuna undugu wa damu. Alinunua steshen wagoni nyeupe, akaja nayo ofisini akitabasamu kama bwana harusi. Nilifungua buti. Mlikuwa na mwavuli, kitabu cha nyimbo, na utepe mwekundu uliokunjwa vizuri.

"Huu utepe ni wa nini, ndugu?"

"Ah, dada, si unajua watu wetu. Hauishi mwezi kabla hatujasindikiza mtu nyumbani."

"Kwa hivyo gari hili ni la kazi gani?"

"Kazi, kanisa na matanga," akasema. "Hayo tu."

Nikamwandikia bima ya mtu wa tatu, ya gari la mtu binafsi, kwa kampuni niliyokuwa nikiiuzia wakati huo. Jina lake sitalitaja. Tuliiita ya Ghorofani kwa sababu ofisi zake zilikuwa juu sana na watu wake hawakupenda kushuka.

Ambaye si mtu wa magharibi mwa Kenya pengine hajui matanga yetu ya Nairobi yanavyokwenda. Mtu akifa, watu wa kwao hukutana kila jioni, ukumbini au kanisani, na kuchanga mpaka zipatikane pesa za kumfikisha nyumbani. Mwenyekiti anashika kipaza sauti na kusoma majina ya waliotoa. Jina likisomwa, mtu anakaa wima. Lisiposomwa, anajifanya anatafuta kitu mkobani. Ikifika siku ya safari, basi linatangulia na magari madogo yanafuata, taa zikiwaka mchana, utepe mwekundu ukining'inia. Na iko sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha serikali: msafara wa matanga haukatwi. Gari geni likiingia katikati, wazee wanaguna na kina mama wanashika vichwa, kana kwamba marehemu mwenyewe ameachwa njiani. Kwa hivyo kila dereva anamfuata aliye mbele pua kwa mkia, na mwenye kupunguza mwendo analaumiwa mpaka kaburini.

Baba mdogo wa Wanjala alifariki. Asubuhi ya safari walitoka mtaani kuelekea mochari, basi mbele, Wanjala nyuma yake na mkewe, na kwenye kiti cha nyuma Shangazi Trufosa, dada ya marehemu, pamoja na wanawe wawili. Walipofika kwenye njia panda ya Kware, lori likataka kupenya kati ya basi na Wanjala. Wanjala hakuliachia nafasi. Alikanyaga mafuta, akaingia ukingoni mwa barabara ili alipite, na pale ukingoni alikuwepo mama mmoja ameinama, akipanga sukuma wiki zake juu ya gunia.

Huyo mama ni Konsolata. Alikuwa akilea watoto peke yake kwa kuuza mboga hizo. Gari lilimvunja paja na nyonga. Wanjala alishuka, akamwinua yeye mwenyewe, akampeleka hospitali na utepe mwekundu bado uko kwenye boneti. Sijawahi kumdharau kwa alichofanya baada ya ajali. Kwa alichofanya kabla yake, nilimkemea mbele ya mkewe.

Nilienda hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna aliyenituma. Lakini bima niliiuza mimi, na nilitaka kumwona mtu wa tatu ana uso gani. Alikuwa amelala, mguu umefungwa kwa vyuma, mikono bado ina rangi ya kijani ya mboga.

"Yule baba si mtu mbaya," akaniambia. "Hata alilia. Lakini Mama, mimi nitakula huo uzuri wake? Watoto watakula machozi?"

"Hapana," nikasema. "Utalipwa. Ndiyo maana kuna bima."

Nilisema hivyo kwa uhakika wote, nikaenda nyumbani nikalala vizuri.

Kampuni ilituma mtu wa kuchunguza, kama kawaida. Alizunguka, akauliza maswali, akafika Mathare anakoishi Shangazi Trufosa. Akamkuta nje akifua nguo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, kufulia watu, na majirani wake wamekaa pale karibu. Akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, ulilipa kubebwa na gari la Wanjala?" Na Shangazi akasimama, akafuta povu mikononi, akajibu kwa sauti kubwa zaidi: "Nililipa! Mimi na wanangu wote! Hakuna aliyetubeba bure!"

Nikaitwa Ghorofani. Bwana Mosoti wa idara ya madai alinipa kiti na maji ya chupa, na kwa hayo mawili nikajua kuna shida.

"Mama Nafula, mteja wako alikuwa anafanya kazi ya matatu, kubeba abiria kwa pesa, na bima ya gari la nyumbani. Abiria amekiri alilipa. Wanjala alitudanganya alipochukua bima. Tunaenda kortini kuomba tamko kwamba hatuhusiki."

Nyinyi vijana mshike hapa vizuri. Kampuni ya bima haiwezi kumwambia aliyegongwa, "Tumekosana na mwenye gari, kwa hivyo rudi nyumbani." Sheria inaibana imlipe kwanza, kisha igombane na mteja wake baadaye. Mlango wa kutokea ni kwenda mbele ya hakimu na kuthibitisha kwamba mteja aliipata bima kwa uongo. Mlango huo ukifunguka, deni lote linamwangukia mwenye gari. Na Wanjala hakuwa na kitu ila mshahara wa karani na gari lililobonyea. Konsolata angeshinda kesi na bado asipate hata sindano.

"Mnataka nini kwangu?" nikamuuliza Mosoti.

"Taarifa fupi tu. Kwamba alipochukua bima hakukutajia habari yoyote ya kubeba watu wa matanga."

"Alinitajia. Alisema kazi, kanisa na matanga. Utepe niliushika kwa mkono wangu."

"Mama, umekuwa na sisi muda mrefu. Fikiria mkataba wako."

"Nimeufikiria nikiwa kwenye lifti," nikasema. "Jibu langu limeshuka chini linanisubiri."

Sikunywa yale maji. Nitawaambia ukweli, haukuwa ujasiri, niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na kampuni ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Lakini nilikuwa na hasira kuliko hofu, na hasira ina faida yake, inakupeleka mpaka nyumbani bila kuhisi miguu. Miaka yote hiyo nimewaambia watu kwamba ni lazima, ni lazima, sheria inasema ni lazima. Kumbe ulazima uwe wa mwenye gari peke yake? Siku ya kununua ni lazima, siku ya kulipa ni hiari? Basi mimi nilikuwa nauza karatasi za kupamba vioo, na yule fundi wa viatu na lebo yake ya bia alikuwa mwenzangu.

Mke wa Wanjala aliniapia kwamba hakuna aliyelipa. Mafuta waliyanunua wao. Lakini mke wa mtu akimtetea mumewe, nani atamsikiliza? Aliyeweza kuliondoa neno lile ni aliyelisema. Nikaenda Mathare.

Shangazi Trufosa alinikaribisha chai. Nilipomuuliza, alikaza uso.

"Nilishasema nililipa."

"Shangazi, mimi si mtu wa kampuni. Niambie kama mtu wa nyumbani. Ulitoa?"

Aliikunja na kuikunjua leso yake. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Jioni zote zile walisoma majina. Ndugu yangu wa tumbo moja. Majina ya watu ambao hata hawakumjua yakasomwa, langu halikusomwa. Sikuwa na kitu, Nafula. Wiki hiyo mvua ilinyesha, nguo hazikukauka, hakuna aliyeniita. Halafu huyo kijana wa tai anakuja kuniuliza mbele ya majirani kama nililipa. Wewe ungesema nini?"

Ningesema alichosema. Nilimwambia hivyo.

"Sasa unataka nikasimame kortini niseme nilimzika ndugu yangu bure?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndicho ninachotaka."

Aliinuka akaniambia nimalize chai niende. Sikuimaliza. Nilimwomba kitu kimoja tu, anisindikize Kware mara moja, kisha sitamsumbua tena. Alikuja, nadhani ili aniondoe mlangoni.

Konsolata alikuwa ametolewa hospitali. Mnaijua Kware, zile ploti za ghorofa zilizosimama bega kwa bega mpaka jua linaomba ruhusa ya kuingia. Chumba chake kilikuwa juu kabisa, na ngazi ni za saruji, nyembamba, giza mchana. Vijana wa ploti walikuwa wamempandisha wakiwa wamembeba kwenye kiti cha plastiki, na tangu siku hiyo hakuwa ameshuka. Hata kliniki alikuwa ameacha kwenda kwa sababu kila kushuka kulihitaji wanaume wanne na maumivu. Shangazi alipanda ngazi zile akipumzika kila ghorofa, mkono ukutani. Tulipofika juu alikuwa hawezi kusema. Konsolata alikuwa kitandani amegeukia dirishani, ambako hakuna cha kuona ila dirisha la mtu mwingine.

"Karibuni," akasema. "Samahani siwezi kuwapa kiti."

Sikumtambulisha Shangazi. Hakuna aliyelia, na sikutoa hotuba, ingawa nilikuwa nimeiandaa. Shangazi aliona beseni la nguo chafu za watoto pale kona. Akavua sweta, akachota maji, akaanza kufua. Alifua zote. Akazianika kwenye kamba ya kibarazani. Tulipokuwa tunashuka akaniuliza, "Korti ni siku gani?"

Siku yenyewe nilitangulia mimi kutoa ushahidi. Wakili wa kampuni aliniuliza kwa upole, "Kwa hivyo unakubali gari lilibeba watu?"

"Gari lisilobeba watu ni kabati," nikasema.

Hakimu alinionya nijibu nilichoulizwa. Nilisema aliyoniambia Wanjala, kazi, kanisa na matanga, nikarudia mara tatu kwa sababu niliulizwa mara tatu, na mara ya tatu nilipaza sauti nikaonywa tena. Kwenye benchi la nyuma walikuwa wamekaa watu wa kamati ya matanga, pamoja na mwenyekiti na ile sauti yake ya kipaza sauti. Nilitamani wasingekuja. Nilijua ni nani anayefuata.

Shangazi Trufosa aliingia na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Akaapa.

"Mama," wakili akasema, "ulimwambia mchunguzi wetu kwamba ulilipa. Leo unataka kusema nini?"

"Sikulipa."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile niliongea mbele ya majirani," akasema. "Leo nimeshika Biblia." Kisha akageuka, akawatazama wale wa benchi la nyuma, si hakimu. "Sikutoa hata shilingi. Si ya mafuta, si ya sanduku. Nilimsindikiza ndugu yangu mikono mitupu. Wanjala alinibeba kwa sababu mimi ni shangazi yake. Sasa mmejua wote."

Nilitaka kuwapiga wote, wakili, Mosoti, mwenyekiti na orodha zake, na mimi mwenyewe niliyemleta pale. Shangazi alishuka kizimbani akiwa ameshika kitambaa chake. Alipofika kwenye benchi la nyuma, mwenyekiti alisimama, akampa mikono yote miwili, akamsogezea nafasi. Wengine wakasimama pia. Shangazi akakaa katikati yao, na hapo ndipo alipolia.

Kampuni ilishindwa. Hakimu alisema hakuna uongo uliothibitishwa, na kwamba mtu aliyevunjwa mguu barabarani hakuwa na ugomvi wowote na mkataba wa watu wengine. Konsolata alilipwa. Alifanyiwa upasuaji mwingine, akahamia chumba cha chini, akaanza kutembea kwa fimbo. Wanjala alipelekwa kortini kwa uendeshaji wake, akakiri, akatozwa faini, na alipotoka aliuza lile gari hata bila kuulizia bei nzuri.

Mimi nilipokea barua ya mistari miwili ikisema mkataba wangu hautaendelea. Niliitundika chooni. Miezi mingine ilikuwa migumu, sitawaficha, na wanangu wanakumbuka ugali na chumvi. Kisha nikapata kampuni nyingine, ndogo, ndiyo hii mnayofanyia kazi. Kila mwaka mtu fulani kutoka juu amenipigia simu akitaka nikumbuke vibaya kidogo, na kila mwaka nimekumbuka vizuri. Sijutii. Ningeulizwa leo ningerudia, na safari hii ningeyanywa yale maji kwanza.

Wiki yangu ya mwisho mlikuwepo, kwa hivyo mlimwona Konsolata akiingia na fimbo yake. Ila mlikuwa mnahangaika na keki, hamkusikia. Alikaa mbele ya meza yangu akasema amenunua pikapu kuukuu pamoja na dada yake, ya kuleta mboga kutoka soko la Muthurwa.

"Hongera, mama. Basi tuiandikie bima."

Akainamisha kichwa. "Lakini Mama Stika, ni hapa na hapa tu. Kware, Muthurwa, narudi. Kwani ni lazima?"

Niliweka kalamu chini. Damu ilinipanda mpaka kwenye macho. Wengine wote, sawa, lakini huyu? Nikaufungua mdomo, na hapo nikaona midomo yake inatetemeka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Nilitaka nikuone ukikasirika kabla hujaenda," akasema.

"Mjinga wewe. Leta gari nilione."

"Liko nje."

Nikachukua wembe wangu kutoka kwenye droo, kwa sababu nilijua pikapu kuukuu itakuwa na stika ya mtu mwingine, na ilikuwa nayo. Kwenye usukani alikuwa ameketi Wanjala, mvi kichwani, mikono yote miwili imeshika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Huyu ndiye dereva wako?" nikamuuliza Konsolata.

"Alikuja mwenyewe kuomba kazi. Nilikaa na hilo ombi muda mrefu. Lakini Kware nzima, huyu peke yake ndiye nina hakika ataacha lori lipite."

Nilikwangua kioo mpaka gundi ikaisha, Wanjala akinitazama kutoka upande wa pili. Nikaenda nyuma nikanusa. Sukuma, vitunguu, udongo wa mvua. Na chini ya kiti, nilipomulika kwa tochi ya Mzee Okumu, utepe mwekundu uliokunjwa vizuri.

"Matumizi?" nikauliza, kama nilivyouliza maisha yangu yote.

"Mboga," Konsolata akasema, kisha akamtazama Wanjala. "Na matanga. Shangazi yake Trufosa anaumwa sana."

Nikarudi mezani nikaandika yote mawili kwa herufi kubwa, ili wa ghorofani wasiseme hawakuona.